Vikaratasi vya Shangazi

Shangazi yangu alifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, na katika lugha ile yote hakuna alichokipenda kama ile alama ndogo, mfano wa koma iliyorukia juu ya mstari, inayosema kitu ni cha nani. Alibandika vikaratasi nyumba nzima ili wanafunzi wake wa masomo ya ziada wajifunze kwa macho. Kwenye kikombe chake: the teacher's cup. Kwenye rafu ya madaftari: the pupils' books.

"Mwenye mali akiwa mmoja, alama inaitangulia s," alikuwa akisema. "Wakiwa wanafunzi wengi, inaifuata. Nani hajaelewa? Usinitazame kama mbuzi, sema."

Alipostaafu, wanafunzi waliacha kuja, vikaratasi vikabaki. Hakuwa na mume wala mtoto. Siku alipoteleza bafuni akavunjika mkono wa kulia, baba alinituma nikakae naye.

"Wewe, Kimya, mtapatana naye," alisema baba, akiniita kwa jina langu la utani. "Mwezi ukiisha nakuja kumchukua dada yangu ahamie kwetu. Nyumba ile si ya mtu mmoja tena."

Shangazi hakubisha. "Nitakwenda," aliniambia. "Nimechoka kuongea na kuta. Siku hizi zimeanza kunijibu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wiki ya pili nilikuta kikaratasi kipya kwenye birika: the house's kettle. Birika la nyumba. Mwandiko ulikuwa wake, zile herufi za mviringo nilizozijua tangu utoto.

"Shangazi, hiki umekiandika saa ngapi?"

Aliinua mkono wenye plasta. "Kwa mkono upi, mwanangu?" Kisha akakisogelea na kukisoma. "Na mimi sifundishi hivi. Nyumba haina uhai. Kitu kisicho na uhai kwa kawaida hatukipi alama hii, tunageuza sentensi."

Akachukua kalamu nyekundu kwa mkono wa kushoto, akachora mkasi, ile alama ya X ya kukosa, uliopinda juu ya kosa lile.

Kila asubuhi tulikuta kingine. Kiti cha nyumba. Kitana cha nyumba. Ndala zangu nazo, za nyumba. Shangazi alikata kila kimoja kwa wekundu. Alasiri moja alipolala nilikaa sebuleni na kitabu changu, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Nilisoma kurasa mbili. Nilipoinua macho, redio ilikuwa na kikaratasi. Nilikigusa, gundi ilikuwa bado mbichi. Chupa ya gundi ya shangazi, niliyoiona mwenyewe kabatini, ilikuwa imekauka kama jiwe.

Hicho cha redio hakukikata. Aliifunga kalamu, akasema, "Mwambie baba yako asingoje mwezi uishe."

Nikampigia simu. "Mnatishana wenyewe huko," alisema baba. "Haya, Jumamosi nakuja."

Jumamosi asubuhi mabegi mawili yalikuwa mlangoni. Niliposikia gari nilikwenda kumwita shangazi chumbani. Alikuwa amekaa kitini, uso umeelekea ukutani, mkono wa plasta mapajani. Juu ya plasta palikuwa na kikaratasi: the house's teacher. Mwalimu wa nyumba.

"Nani amekubandika, shangazi?"

Baba aliingia akipangusa jasho. "Dada, shikamoo. Twende basi kabla jua halijawa kali."

"Marahaba. Wewe rudi tu, mdogo wangu," alisema, kwa sauti ya utulivu. "Mimi hapa nina mwenyewe."

Baba alinitazama.

"Kimya," shangazi aliniita, "nipe kalamu nyekundu."

Nilimpa haraka, nikijua atakata. Aliishika kwa mkono ule wa kushoto uliokuwa ukipindisha kila mkasi, akaiweka juu ya kikaratasi, akachora alama ya vyema, moja, iliyonyooka kama zile alizokuwa akiwapa wanafunzi wake bora.