Shimo kwenye Ndevu

Kinyozi asiye na ndevu watu wanamvumilia. Kinyozi mwenye ndevu nusu hawamwelewi. Mimi nilikuwa huyo wa pili, hapa Newala, mwaka niliopeleka posa.

Barua niliipeleka kijijini kwao msichana, Chiungutwa, mwezi wa kwanza, korosho zimekwisha kuokotwa na watu wana nafasi ya kusikilizana. Msichana mwenyewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa ameshanikubali zamani. Lakini kwetu huku binti huombwa kwa mjomba wake, na mjomba huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Jibu lilikuwa mikononi mwake. Wiki ya kwanza nikapiga simu. "Mjomba anafikiri," akaniambia mchumba wangu. Wiki ya tatu: "Bado anafikiri." Mwezi wa pili ukaisha, mzee yule bado anafikiri. Nikajiuliza mtu anafikiri nini muda wote huo kama si kutafuta namna ya kukataa.

Usingizi ukaniruka. Chakula kikawa hakipiti. Suruali ikaanza kunivuka, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha la pili. Macho mekundu, paji la uso vipele vitupu. Ubaya wa kazi yangu ni kioo: mwingine akikonda huambiwa na watu, mimi nilijitazama kutwa nzima juu ya kichwa cha kila mteja. Siku moja namnyoa mtu, nikaona chini ya shavu langu la kushoto doa la duara, laini kama shavu la mtoto. Nikaligusa. Ndevu hazikuwepo.

Mama anayeuza maandazi nje ya saluni yangu alinipa dawa: kusugua kitunguu saumu asubuhi na jioni. Nikasugua. Doa halikujali, ila wateja waliondoka.

Mwishowe nikaenda hospitali. Daktari, kijana mdogo kuliko mimi, alinipima damu, akanipima presha, akanimulika ngozi kwa tochi. Hakuona ugonjwa. Akaweka kalamu chini, akauliza, "Kaka, unawaza nini?" Nikasema siwazi kitu. Akanitazama tu, nami nikamwaga yote, tangu barua hadi mjomba anayefikiri. Alicheka mpaka nikataka kukasirika. Halafu akanieleza kwamba mawazo yakizidi, mwili huyatangaza hadharani: nywele zinadondoka, ngozi inaharibika, kilo zinapungua. Ndevu mara nyingi hurudi zenyewe, akasema, ila si kesho. Nilale mapema, nile kwa saa, niache kahawa ya jioni, nitembee, na zaidi ya yote nisikae na jambo hili peke yangu.

Nikafuata. Kila asubuhi kabla ya kufungua saluni nilitembea hadi Shimo la Mungu, lile genge la pembeni mwa mji, nikasimama ukingoni upepo ukinipiga, nikitazama bonde la Ruvuma lilivyolala kule chini. Na mama wa maandazi nikamwambia ukweli. Tangu hapo kila asubuhi akawa ananiuliza, kwa sauti ya kufika stendi, "Mjomba ameshamaliza kufikiri?" Aibu ilikuwepo, sikatai, lakini nilianza kulala.

Mjomba akaja bila taarifa. Ilikuwa katikati ya mwezi wa tatu, mchana, mvua imekatika kidogo. Mzee mwenye kofia ya kufuma aliingia, akakaa kwenye benchi la wateja. Nilimtambua kwa picha aliyonitumia mchumba wangu. Mzazi gani angempa binti yake mtu aliyekonda vile, macho mekundu, ndevu zimemomonyoka?

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akanikagua kuanzia miguuni. "Uso huo umepatwa na nini?"

Hapo ndipo akili iliponitoka. "Salfa, mjomba. Napulizia mikorosho ya marehemu baba."

"Salfa."

"Ndiyo, mjomba."

"Mwezi wa tatu."

Salfa tunaipulizia kuanzia mwezi wa sita hivi, mikorosho ikijiandaa kuchanua, kuzuia ubwiri, ule ukungu unaokausha maua. Mwezi wa tatu tunapalilia kwenye matope, na hata watoto wa chekechea ya mchumba wangu wanalijua hilo. Mimi, mzaliwa wa uwanda huu, nimemdanganya mkulima wa korosho kwa msimu usiokuwepo.

"Nyie Wamakonde wa Newala," akasema taratibu, "mikorosho yenu imewahi mwaka huu."

Nje, mama wa maandazi alikuwa amesikia kila neno, wala hakujua mzee yule ni nani. "Baba, salfa gani!" akapaza sauti. "Huyo anakondeshwa na mjomba wa mchumba wake. Anafikiri tangu mwezi wa kwanza!"

Nilitamani sakafu ipasuke. Mzee hakucheka. Aliinuka, akaja kukaa kwenye kiti cha kunyolea, akavua kofia. Kisogoni alikuwa na doa la duara, laini, pacha wa langu kabisa.

"Hili lilinitokea wiki mbili baada ya barua yako," akasema, akinitazama kupitia kioo. "Majirani nimewaambia ni kofia inabana." Akaligusa kwa kidole. "Ninaye huyo mmoja tu. Nikirudi shamba jioni, ndiye anayeniuliza siku yangu imekwendaje. Kila nikishika kalamu nikujibu, naona nyumba imenyamaza."

Miezi miwili nilimchukia mtu huyu, kumbe naye halali. Nilimwonea huruma, nikamwambia yote ya daktari: kulala, kutembea, kusema. Kisha nikasema lile ambalo kwenye barua sikuliandika, maana niliona ni jambo la kawaida. Kwetu mwanamume kuhamia upande wa mke si ajabu.

"Mjomba, kiti hiki kinabebeka. Chiungutwa nako watu wana nywele."

Alinitazama kwenye kioo muda mrefu. Safari hii nilijua anafikiri nini. Akarudi nyuma kwenye kiti, akafumba macho.

"Basi ninyoe zote," akasema. "Sitaki kupigwa picha za harusi na doa."

Niliwasha mashine, nikaizima tena. Machozi hayakuniacha nikione kichwa chake vizuri, ikabidi anisubiri.