Yamini ya Machenza

Mimi ndiye niliyeiona rangi ile kwanza, na mtu akikuambia vinginevyo muulize shingo za wanawake wa kijiji hiki yeye ameziona lini. Saluni ni yangu. Ina viti viwili na kioo chenye ufa, na kila mwanamke aliyevuka sitini huja kutiwa mawimbi ya nywele kabla ya mwaka mpya. Siku ile nilimwinamisha Shangazi Sun-deok kwenye beseni nikakuta shingo ya manjano. Nikamgeuza kiganja: manjano. Kandokando ya pua: manjano. Macho tu ndiyo yalikuwa meupe pe, yakinitazama kwa dharau ile ile ya siku zote.

"Shangazi, umeoga na nini?"

"Osha nywele. Kwa rangi yangu hujalipwa."

Halafu akalala. Saa nne asubuhi, rola kichwani, mdomo wazi, anakoroma! Huyu ni mwanamke wa miaka sabini na minne anayebeba gunia la vitunguu saumu mgongoni na kuwacheka wanaume wanaoomba toroli. Niliogopa kweli. Nikaenda nyuma ya pazia nikampigia simu mwanawe Seoul. Nakiri kosa langu hapo. Mdomo huu ndio ulioanzisha yote.

Usidhani kwamba mikono ya manjano ni habari kisiwani kwetu Jeju, huku kusini mwa Korea. Kuanzia mwezi wa kumi na moja sote tunakula machenza mpaka vidole vinageuka rangi, na bibi humwambia mjukuu awaachie ndege nao. Hakuna anayenunua. Yale makubwa mno na madogo mno, ambayo soko huyakataa, utayakuta mlangoni kwako yamejaa kwenye mfuko, na hutajua kayaleta nani. Ukimwona mtu wa Jeju ananunua chenza dukani, jua hana rafiki duniani. Lakini Sun-deok hakuwa akila machenza, na hilo alilijua kila mtu, hata mbwa.

Miaka kumi na tisa iliyopita chama cha ushirika kiliandaa siku ya kuonja. Shamba la Sun-deok na la jirani yake Hyeon Gi-bong yalitenganishwa na ukuta wa mawe meusi tu. Hyeon akashinda. Angeishia hapo ingekuwa heri, lakini mwanamume yule na mdomo wake hawajawahi kuachana. Alichukua chenza la Sun-deok, akatafuna kipande kimoja, akafumba jicho, akawatangazia watu, "Haya nayo yana kazi. Ng'ombe wako akifiwa na asiweze kulia, mpe moja."

Watu walivunjika mbavu. Mimi pia, nisiwe mnafiki. Sun-deok akapanda juu ya meza ya waamuzi akala yamini: "Nikitia chenza mdomoni tena, lake au la mtu yeyote, mimi si Yang!" Wiki ile ile akakata miti yake yote akapanda vitunguu saumu.

Kwetu mwanamke huolewa, huzaa na huzikwa akiwa na jina la ukoo wa baba yake. La Sun-deok ni Yang, na kuliapia jina ni jambo zito. Alikuwepo mzee mmoja aliyeliapia lake kwamba ataacha pombe. Alipoonekana na chupa, watu wakamwita Bila-Jina mpaka siku ya mazishi yake, na waliobeba jeneza bado walikuwa wanalitamka kimoyomoyo.

Basi, mwana akaja. Kang Tae-ho ni mtu mwema ila ana haraka kama anayekimbia mvua. Alimpeleka mama yake kwa daktari mjini, mimi nikafuata kushika koti. Damu ikatolewa mara tatu. Ini zima. Sukari sawa. Tezi ya shingo sawa. Damu yenyewe, alisema daktari, wasichana wa miaka ishirini wangeitamani.

"Anakula machenza mengi?" akauliza daktari, kijana mwenye miwani. "Au boga? Karoti?"

Tae-ho akacheka. "Mama? Mama hajaonja chenza tangu mimi niko jeshini!"

Daktari akamgeukia mgonjwa. Mgonjwa alikuwa anaitazama dari.

"Umemsikia mwanangu," akasema.

Hakusema uongo, angalia vizuri. Mimi ningepaswa kuangalia vizuri siku ile, lakini nilikuwa nashughulika na koti.

"Basi sijui," daktari akasema, na neno hilo ndilo lililomtia Tae-ho wazimu. Akaamua pale pale, ukumbini, mbele ya wagonjwa wengine. Mama anahamia Seoul. Kuna hospitali kubwa, na kuna chumba kwake, ghorofa ya kumi na saba. Nyumba ya mama watapangishwa vijana fulani waliokuwa wakipiga simu kila wiki wakitaka kufungua mkahawa.

"Jumamosi tunaondoka. Labda mtu aniambie kabla ya hapo ni kitu gani kinakula mwili wako."

"Hakuna kinachonila," mama akajibu. "Mimi ndiye ninayekula." Lakini mwana alikuwa ameshaanza kutafuta tiketi.

Siku iliyofuata Sun-deok alikuja saluni bila miadi akakaa kwenye kiti. "Ghorofa ya kumi na saba, vitunguu nitapanda wapi? Kwenye sinki?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Mumewe amezikwa palepale katikati ya vitunguu, amezungushiwa mawe, na kila mwezi wa nane yeye ndiye humkatia majani kaburini. "Wale watoto wa kahawa watamwekea meza juu yake," akasema, machozi yakamtoka. Nilimfahamu miaka thelathini na sijawahi kuyaona. Nilimpa taulo nikageukia dirishani, kwa sababu na mimi sikuwa salama.

Jumamosi tulikuwa watu kama ishirini mbele ya nyumba yake. Gari linaunguruma. Tae-ho anapakia. Hyeon Gi-bong naye alikuja kuaga, mgane wa miaka sabini na sita, amevua kofia, amesimama mbali kidogo kama mtu aliyealikwa kwa makosa. Sun-deok alikaa juu ya begi lake akakataa kuinuka.

"Mama, twende."

"Nakula machenza," akasema Sun-deok.

Hata injini nadhani ilisita.

"Ya nani?" nikauliza, maana mtu alipaswa kuuliza.

Akaelekeza kidevu ukutani. "Ya yule."

"Mangapi?"

"Arobaini kwa siku. Nikiwa sijisikii vizuri, thelathini."

Akatueleza yote, macho chini, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Majira ya baridi mawili yaliyopita chenza moja liliruka ukuta likaanguka kwenye vitunguu vyake. Lililoanguka kwangu ni langu, akajiambia. Akalila. "Lilikuwa tamu mpaka nikamtukana mwenyewe kwa jina." Tangu hapo kila alfajiri, Hyeon angali anakoroma, yeye huamka, hubomoa mawe matano ya ukuta, huvuka, huchuma, hurudi, kisha huyapanga mawe yote matano mahali pake jirani asijue. Kila alfajiri ya Mungu, na jiwe moja lina uzito wa mtoto wa darasa la pili. Huo ndio uchovu uliowashinda wenye mashine.

Kwa yamini ile, maneno hayo yalikuwa yamemvua ubini wake. Nilimwona amejikunja juu ya begi kana kwamba anangoja mtu wa kwanza amwite Bila-Jina.

Tae-ho akamgeukia Hyeon. "Mjomba, ni kweli?"

Hyeon alimtazama Sun-deok kitambo. Kisha akavaa kofia yake vizuri.

"Uongo," akasema. "Miti yangu naijua mmoja mmoja. Halijapotea hata chenza moja. Sun-deok ni mtu wa neno lake. Kama amewahi kuvuka ukuta ule, mimi si Hyeon!"

Hebu fikiria! Miaka kumi na tisa mtu hajasema neno jema, analisema siku hiyo. Alitaka kumwokolea jina, maskini, na alikuwa anamwozesha ghorofa ya kumi na saba.

"Mnaona?" Tae-ho akatuambia kwa huzuni. "Sasa na akili inaanza kumtoka. Mama, ingia garini."

"Gi-bong! Funga domo lako, mpumbavu wewe!"

Huyo ni Sun-deok, na hapo alikuwa ameshasimama. Mgonjwa wetu alitimua mbio mpaka stoo, tukasikia vitu vinaanguka, akatoka kinyumenyume akiburuta gunia. Akarudi akaburuta la pili. La tatu, mpaka la sita. Mwanamke huyu hatupi hata uzi. Aliyafungua akayamimina miguuni pa mwanawe, na harufu ikatupiga sote: maganda ya chenza yaliyokaushwa, ya kuchemshia chai na ya kusugulia masufuria, magunia sita, majira mawili ya wizi yakiwa yamehifadhiwa vizuri kuliko kumbukumbu za serikali.

Tae-ho alichuchumaa akashika ganda moja. Akalinusa. Akamtazama mama yake viganja, kisha ganda, kisha viganja.

"Mama," akasema, "ulimwacha daktari akutoe damu mara tatu?"

"Ningefanya nini? Damu ninayo nyingi. Jina ninalo moja."

Akampigia daktari papo hapo. Tulimsikia kijana yule akicheka mpaka miwani, nadhani, ikamwanguka. Ni machenza tu, akasema, rangi itaondoka yenyewe; asile hata moja miezi miwili, na alfajiri abaki kitandani kama watu wengine. Tae-ho akafungua buti la gari akaanza kushusha mabegi. Masikio yalikuwa mekundu.

Sun-deok akamwendea Hyeon.

"Ulijua?"

"Mawe," akasema Hyeon. "Unayarudisha upande wa kijani ukiwa chini. Mkulima gani hupanga mawe hivyo?"

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Unadhani mti ule wa ukutani nimeacha kuuchuma kwa uvivu?"

Sun-deok alipangusa mikono kwenye vazi lake, akaitazama ile rangi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona anajizuia asicheke.

Lakini yamini ni yamini. Kijiji hakingeliacha hilo lipite, na mimi ningekuwa wa mwisho kukiruhusu. Jumapili mwenyekiti wetu aliwasha kipaza sauti kile cha kutangazia mikutano na dawa za wadudu, akatangaza kwamba watu wawili wamepoteza majina ya ukoo kwa mdomo wao wenyewe, na kwa kuwa kijiji hakina majina ya akiba, basi wabadilishane. Kuanzia siku ile yeye ni Hyeon Sun-deok, na yule ni Yang Gi-bong, mpaka watu wachoke. Watu hawajachoka.

Mwezi wa tatu alikuja nikamkata nywele. Shingo ilikuwa imerudi kahawia, viganja vyake vilevile vya kale, na hakusinzia hata dakika moja. Alinisema kuhusu kioo mwanzo mpaka mwisho. Uchovu ulimtoka mapema kuliko rangi, maana sasa hapiti ukutani. Saa tatu asubuhi, ameshalala vya kutosha na kunywa uji wake, anazunguka njia mpaka lango la Mzee Yang, ambalo fito zake tatu za kuzuia njia, zinazolazwa kumwambia mgeni karibu, siku hizi ziko chini tangu jua linapochomoza. Anakaa kibarazani, anamenya machenza ya mwisho ya msimu, matano tu kama daktari alivyomruhusu ile miezi miwili ilipoisha, na kila moja anamwambia ni chachu.