Dada Benedicta, Samahani, Naomba Mpira

Kama kuna mtoto aliyelelewa akaleleka pale Chamazi, basi ni Nusaiba. Bibi yake, Bi Mwajabu, Mzaramo wa watu, alimfundisha kumwamkia kila aliyemzidi hata kwa wiki mbili. Mtoto yuko kidato cha pili, mrefu mpaka milango ya watu anaingia kwa kuinama, na sauti yake ukitaka kuisikia lazima uzime redio.

Urefu huo ndio uliomponza. Mwalimu Theonest, aliyefundisha jiografia na kuinoa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, alimwona akibandika tangazo juu ya ubao bila kupanda kiti. Siku hiyohiyo akamkabidhi jezi. Na jamani, yule mtoto alijua! Kudaka anadaka, kuruka anaruka, mpira akiutupa unaingia. Alirudi nyumbani akicheka peke yake njia nzima, mpaka muuza chapati akamuuliza kapewa nini huko shuleni.

Tatizo lilikuwa mdomo. Kapteni wa timu alikuwa Benedicta wa kidato cha nne, na pale shuleni kidato cha nne huamkiwa. Basi Nusaiba akibaki peke yake chini ya kikapu, badala ya kupaza sauti kama wenzake, anasema taratibu: "Dada Benedicta, samahani, naomba mpira." Akifika kwenye "naomba", mpira umeshanyang'anywa na watu wote wamekimbilia upande wa pili.

"We Nusaiba, unaomba mpira au umeleta posa?" mwalimu alimfokea siku moja. Timu nzima ikakaa chini kwa kicheko.

Benedicta mwenyewe alimbembeleza. "Mdogo wangu, niite Bene. Sema, 'Bene, leta!' Basi."

"Siwezi, dada."

"Jaribu tu."

"Bene..." Nusaiba akameza mate. "...dicta. Dada."

Ikafika wiki ya mechi na wasichana wa Kiwalani. Alhamisi mwalimu akamwambia, "Jumamosi nikiisikia hiyo samahani yako, jezi unavua na huivai tena." Jioni yake Bi Mwajabu, aliyeshasikia kwa majirani kwamba mchezo huu mabinti wanafokeana hadharani, naye akatoa lake. "Jumamosi nakuja mwenyewe. Nikiona utovu wa adabu, mpira ndiyo basi."

Haya, afanyeje sasa? Akiomba kwa adabu anavuliwa jezi, akipayuka anakatazwa kucheza. Ijumaa nzima hakula, na kwa Nusaiba kutokula ni habari kubwa.

Jumamosi Bi Mwajabu aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja, amejitanda kanga, tasbihi mkononi. Robo ya kwanza alivuta tasbihi yake. Robo ya pili akamgeukia mama aliyeketi jirani yake. "Mbona mjukuu wangu kasimama peke yake pale na hawampi?"

"Haombi, bibi."

"Haombi? Kwani hana mdomo?"

Robo ya tatu tasbihi ilikuwa imeshaingia kwenye pochi na Bi Mwajabu mwenyewe amesimama. "We refa! Hiyo siyo faulo hiyo? Hiyo filimbi umevaa urembo?" Mama jirani akamvuta kanga ili akae, hakukaa.

Zikabaki sekunde sita, Chamazi wako nyuma kwa pointi moja. Benedicta amebanwa kwenye kona na mabinti wawili wa Kiwalani, haoni wa kumpa. Chini ya kikapu yuko Nusaiba, peke yake kabisa. Wapinzani walishamsoma kuwa ni mtu asiyeomba, wakaachana naye. Akafungua mdomo. "Dada..." Akamwona mwalimu kashika kichwa. Akamwona bibi yake anamtazama yeye tu, hapepesi. Liwalo na liwe.

"BENE! LETA!"

Wallahi, hata yeye mwenyewe aligeuka kuangalia nani kapiga kelele. Mpira ulikuja nusura umvunje pua. Akadaka, akaruka, akatupa. Ukazunguka ukingoni, ukasitasita, ukaingia. Filimbi! Watu wakavamia uwanja, Benedicta akamrukia mgongoni, vumbi, vigelegele, viatu vimepotea.

Kisha Bi Mwajabu akaja katikati ya ile fujo, na mmojammoja wakampisha.

"Nusaiba."

"Abee, Bibi."

"Umemwitaje dada yako?"

"Bene, Bibi." Machozi yakamlengalenga. Jezi alikuwa ameshaanza kuiaga.

Bi Mwajabu akautazama mstari mweupe uliochorwa pembeni ya uwanja. "Sasa nisikilize. Ndani ya mstari huu muite utakavyo, hata huyu mwalimu muite Theo." Mwalimu akakohoa. "Ila ukishauvuka, adabu yako uikute palepale ulipoiacha."

Nusaiba aliuvuka mstari kwa kuruka. "Shikamoo, dada Benedicta!"

"Marahaba!" Benedicta akajibu, akicheka mpaka kashika mbavu. Tangu siku hiyo timu ile ikimaliza mchezo huvuka mstari na kuamkiana, wadogo kwa wakubwa, hata kama wamefungwa.

Mwaka huu Nusaiba yuko kidato cha nne na ndiye kapteni. Wiki iliyopita, kwenye mazoezi, alibanwa kwenye kona akiwa na mpira. Kutoka chini ya kikapu ikasikika sauti nyembamba ya Filomena, mtoto wa kidato cha kwanza mwenye wiki mbili tu kwenye timu.

"Nusaiba! Leta!"

Alishtuka huyo! Damu ilimpanda mpaka masikioni. Nusaiba? Nusaiba kavukavu? Akampa, Filomena akafunga. Mazoezi yalipokwisha mtoto akauvuka mstari, akaja kichwa chini, vidole vinacheza na pindo la jezi.

"Shikamoo, dada Nusaiba."

"Marahaba," akasema Nusaiba. "Kesho ita kwa nguvu zaidi. Nimekusikia kwa shida."