Ukuta wa Nne wa Mama Awino

Nakumbuka Jumamosi moja Kaloleni, mwanangu, nikiwa fundi mpya wa dari na kichwa kimevimba kwa sifa. Mama Awino, mjane aliyekuwa kitandani miezi mingi akiugua mgongo, alikuwa amewekewa dari mpya na mwanawe. Kazi yangu ilikuwa kuzungushia konisi, ile mikanda ya jipsamu inayofunika pale dari inapokutana na ukuta.

Nilijivuna, na si bure. Nilipima kila ukuta peke yake, maana katika nyumba zile kuukuu hupati kuta mbili zinazolingana. Kona nilizikata zikakutana barabara, ukipitisha ukucha haukwami. Kuta tatu nilizikwangua rangi ya zamani kwanza, kwa sababu gundi ikishika rangi inayobanduka haijashika kitu. Ukuta wa nne ulikuwa juu ya kitanda. Kuukwangua kulitaka tumsogeze mama, naye alikuwa akilia ukimgusa tu. Nikajiambia namhurumia. Uongo mtupu. Kulikuwa na mechi uwanjani na wenzangu walikuwa wakiningoja. Nikabandika juu ya rangi, bila hata skrubu moja.

"Umemaliza, baba?" akaniuliza.

"Nimemaliza, mathe. Hiyo haitoki hapo."

Wiki ya pili mkanda ule ulimwangukia usoni. Alipoteza jicho la kushoto.

Niliwaambia watu nyumba ni ya zamani, ukuta una unyevu, nao wakaniamini. Nilikaa na uongo huo karibu mwaka mzima. Siku nilipokwenda kumwambia ukweli, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Nililala hapa nikikusikia unakwangua kule, na kule, na kule. Huku sikusikia kitu. Nikanyamaza. Nikasema huyu ndiye fundi, mimi najua nini?"

Angenitukana ningepata nafuu, mwanangu. Hakunitukana.

Basi sikia. Pale pagumu kufikia ndipo uanzie, ungali na nguvu. Mwenye nyumba akinyamaza, usidhani hajaona. Amekuachia kwa kuwa anakuamini. Na ukiharibu, kaseme siku hiyohiyo, hata kama watakufukuza kwa mawe. Mungu akupe mkono usio na haraka, na akujalie usingizi ambao mimi sijaupata tangu mkanda ule uanguke.