Bwana Njano na Fomu ya Rangi Mbili

Kazi ya Bwana Njano ilikuwa kuogopa kwa niaba ya watu wengine, na aliifanya kwa moyo wote. Kampuni yetu ya sabuni ina viwanda katika nchi kumi na moja, na makao makuu yako ng'ambo. Kila baada ya miezi mitatu wakubwa wa huko walitaka kujua kama siasa za hapa zingewaharibia biashara: uchaguzi, migomo, waziri mpya mwenye sheria mpya. Jibu lilikuwa rangi moja kwenye fomu: kijani maana yake salama, njano mashaka, nyekundu fungeni virago. Kwa miaka saba yeye aliandika njano. Mimi ni wa masijala, barua zote hupita mikononi mwangu, kwa hiyo najua.

Si kwamba alikuwa mvivu. Alisoma magazeti mpaka matangazo ya vifo, na kila asubuhi alipita langoni pa wizara kuwasikiliza walinzi. Akiwakuta wanabishana kuhusu mpira, aliandika "utulivu wa muda". Wakiwa kimya, "ukimya wa kutia shaka". Mkewe alituambia kwamba hata akimuuliza kama nguo zianikwe nje, hujibu kuwa hali inahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Siri yake tuliijua sote. Nyekundu ingefunga kiwanda. Kijani ingefunga ofisi yake, maana nani atamweka mtu wa kuangalia hatari pasipo na hatari?

Mwezi uliopita ikaja fomu mpya, visanduku viwili tu: kijani na nyekundu. Akichagua nyekundu, mitambo inahamishiwa nchi nyingine na watu mia nne wanarudi nyumbani, akiwemo dada yake mkubwa wa idara ya kufungasha, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Maskini wa Mungu, aliigeuza fomu mbele na nyuma akitafuta njano. Akapiga simu ng'ambo kuuliza kama kuna ukurasa uliosahaulika. Haukuwepo.

"Kwani wewe mwenyewe unaonaje?" nilimuuliza.

Akavua miwani. "Kusema kweli? Pako salama. Mwaka wa saba huu pako salama."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Alitia alama kwenye kijani, akanisukumia bahasha haraka kabla hajabadili mawazo.

Majibu yalifika baada ya wiki mbili. Walimpongeza kwa tathmini iliyo wazi kuliko zote alizowahi kuandika. Kwa kuwa nchi ni salama, nafasi yake ingefutwa mwisho wa mwezi. Niliona uchungu, na aibu pia kwa kile kicheko changu. Nikampelekea barua mwenyewe.

Alikuwa bado anaisoma wakati dada yake alipoingia mbio, kofia ya kiwandani kichwani.

"Mdogo wangu, umesikia? Wanaleta mtambo mpya! Na sisi vibarua wote tunapewa ajira ya kudumu. Miaka kumi na minne nasaini mkataba wa mwezi mmoja mmoja! Eti kuna mtu kaandika vizuri huko juu. Ni nani huyo, tumshukuru?"

"Wakubwa wenyewe tu, dada."

"Mungu awabariki. Na wewe huku, kwema?"

"Kwema kabisa," alisema, akaikunja barua na kuitia mfukoni.