Godoro Langu Juu ya Ua wa Wakwe

Sitaki mcheke kabla sijamaliza, ingawa najua mtacheka tu, maana hata mke wangu aliyelia siku ile sasa akikumbuka anashika mbavu. Ukweli ni kwamba nilisimama mbele ya wageni wa heshima, nyumbani kwa wakwe zangu kule Asembo, kando ya ziwa, mvua ikipiga turubai, nikatangaza kwa sauti ya mhubiri kwamba mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, sikojoi kitandani. Na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Mnanijua mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua samaki namtazama samaki macho, kisha namtazama muuzaji macho. Akoth, mke wangu, husema nilizaliwa nikimshuku mkunga. Basi mtu wa namna hiyo akaitwa na baba mkwe wake wakati wa mvua kubwa, kwa sababu Atieno, mdogo wake Akoth, alikuwa amepata mchumba na watu wa huyo mchumba walikuwa wanatoka Awasi kuja kujitambulisha, na mimi kama mkwe mkubwa nilitakiwa nifike mapema, nisaidie kufunga turubai, na siku yenyewe niseme neno la kuwakaribisha wageni.

Heshima hiyo ilinigusa, sitaficha. Miaka yote tangu nimwoe Akoth nimekuwa nikienda kwao asubuhi na kurudi Kisumu jioni, mpaka mama mkwe akamwambia binti yake, "Huyo bwana yako anakimbia boma yangu, ama chakula yetu ni mbaya?" Maneno hayo yaliniuma. Nilitaka safari hii nikae, nionekane nimekaa, na yule mama anihesabu kuwa mtoto wake.

Sasa, kwetu sisi Wajaluo mkwe halali nyumbani kwa mama mkwe. Hamsogelei ovyo, na yeye hakanyagi mahali mkwe anapolala, na mambo ya kitandani hayatajwi kabisa masikio yake yakiwa karibu. Mkwe hutafutiwa kitanda kwa jirani. Jirani walikuwa naye, mzee mpole, lakini niliona kuku wake wanaingia chumbani kama wenye nyumba, nikashuku viroboto. Nikasema asante, mimi nina gari langu.

Gari lenyewe lilikuwa la kusambaza mikate kabla sijalinunua. Fundi mmoja pale mjini aliniwekea kitanda cha mbao, meko ya gesi, mapazia na madirisha mawili ya kusukuma, na likawa gari la kulala (nilikuwa nimetazama video kwenye simu, Wazungu wanaishi humo na mbwa wao, wanacheka tu). Kuta zilibaki bati tupu. Fundi alitaka kuzivalisha sponji na mbao nyembamba kwa ndani ili zisiwe baridi, nami nikaona anatafuta kazi ya ziada, nikakataa.

Nililiegesha nje ya ua, karibu na geti. Akoth akaenda kulala kwa mama yake, mimi nikabaki peke yangu, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulionimaliza: nilifunga kila kitu. Baridi ya ziwa sikuitaka, mbu sikuwataka, na wezi nilikuwa nawaona kila kona. Hata lile tundu la paa lililoachwa tangu enzi za mikate nililiziba kwa selotepu nene.

"Baba Adhiambo, acha dirisha moja wazi kidogo," Akoth aliniambia kabla hajaingia ndani. "Utakosa hewa."

"Hewa gani? Mbu wa kwenu nawajua."

Nikaanika humo humo suruali na soksi zilizolowa, nikachemsha maji ya chai na mengine ya kunawa miguu, joto likawa zuri, nikajifunika na kujiona mjanja kuliko fundi, jirani na kuku wake wote. Asubuhi niliamshwa na tone lililotua kwenye pua. Paa lote lilikuwa na matone, kuta zinatiririka, na nilipoinua godoro, upande wa chini umelowa kabisa.

Nikamshuku fundi. Nikasema ameniachia tundu, maana mvua ilikuwa imenyesha. Nikaenda sokoni nikanunua gundi ya kuzibia, nikashinda nikipaka maungio yote huku nikinyeshewa, na jioni nikafunga kila kitu tena, sasa hata tundu la sindano halikuwepo. Asubuhi iliyofuata ilikuwa mbaya maradufu, na mvua haikuwa imenyesha hata kidogo.

Hapo nikaacha kumshuku fundi, nikaanza kumshuku binadamu mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nguoni mwangu nikamkuta shemeji yangu Ouma, kaka yake Akoth, ambaye nilipofika tu alilizunguka gari akacheka, "Orwa, hii ni nyumba ama ni friji?" Orwa kwa Kijaluo maana yake mkwe wetu, jina la heshima, lakini kile kicheko sikukipenda. Nikamwona kabisa akilini akija na ndoo.

Godoro nikalitoa, nikalitandaza juu ya ua lipigwe na kijua kilichochungulia. Sikufikiri hata kidogo. Njia ya kwenda ziwani inapita hapo hapo, na kina mama wakapita na ndoo zao, mmoja baada ya mwingine, wakitazama godoro, wakinitazama mimi, wakiendelea kimya kimya. Yule wa mwisho, mama mmoja wa jirani, akasimama.

"Pole sana, Orwa," akasema kwa upole. "Ni baridi tu. Itaisha."

Mbele kidogo nikasikia wenzake wakicheka. Labda walicheka jambo lao, lakini mimi niliganda pale pale. Nikaelewa mpango wote: Ouma ananimwagia maji ili nionekane kikojozi ukweni, nisirudi tena!

Nikasema basi nitaingiza jiko la makaa nikaushe godoro haraka. Akoth alinipokonya jiko mlangoni. "Unataka kufia kwetu? Tuambie watu nini? Makaa inaua mtu akifunga gari hivyo! Fungua dirisha, wewe mtu!" Sikufungua. Nilishuku hata yeye ameshaambiwa kitu na kaka yake. Jioni nikamwaga unga wa mahindi kuzunguka gari ili nyayo za Ouma zionekane, na mvua ikausomba wote.

Asubuhi ya siku ya wageni nilirudi kutoka kuoga, nikainama kutafuta kiatu, na chini ya kitanda nikakuta bakuli. Ndani yake kulikuwa na makaa meusi, na juu yake chumvi ya mawe, limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Nywele zilinisimama. Kwanza maji, sasa uchawi wa makaa na chumvi chini ya kitanda changu! Sikumwuliza mtu. Nikalifunga bakuli kwenye mfuko, nikaingia nalo kwenye turubai na koti langu la suti.

Wageni walikuwa wazuri jamani. Wazee wenye kofia, shangazi wamevaa sare, bwana harusi mtarajiwa ametulia. Sala ikasomwa, watu wakatambulishwa, mama mkwe ameketi na wanawake wenzake amejifunga leso mpya, na baba mkwe akasema kwa fahari, "Sasa mkwe wangu mkubwa, yule analala hapa nasi siku hizi zote, atakaribisha wageni."

Nikasimama. Nilianza vizuri, karibuni sana, jisikieni nyumbani, kisha nikamwona Ouma anamnong'oneza mtu na wote wanatabasamu, na ulimi ukateleza.

"Lakini mjue mnaingia boma gani," nikasema. "Mimi hapa kuna mtu ananimwagia maji kitandani. Mimi sikojoi kitandani! Godoro lililoanikwa kwenye ua sikulikojolea! Na kama hamwamini, tazameni nimewekewa nini chini ya kitanda!" Nikalitoa bakuli na kuliweka mezani, katikati ya soda za wageni.

Mama mkwe aliliangalia bakuli, akajifunika uso kwa leso, akainuka na kutoka. Atieno akaanza kulia. Mimi nilidhani mama ametoka kwa sababu nimetaja kitanda na mkojo mbele yake, jambo ambalo lilikuwa baya vya kutosha.

Baba mkwe hakupandisha sauti. "Neno kama hii haifunikwi," akasema. "Kama kuna mtu wangu anamwagia mkwe maji, wageni waone. Kama hakuna, pia waone. Twende kwa gari."

Tukaingia wazee watano na mimi, magoti yamegusana. Mimi, mjinga, nikatoa masharti: mlango ufungwe, madirisha yafungwe, na Ouma asimame nje mbele ya kioo tumwone, asiondoke. Na kwa kuwa huwezi kuketisha wazee bila kitu, nikawasha meko nichemshe chai. Ouma akasimama kwenye manyunyu, mikono mfukoni. Baada ya muda hatukumwona, kioo kimejaa ukungu. Nikapangusa haraka, nikamkuta pale pale. Kikajaa tena. Nikapangusa tena.

Mzee mkubwa wa Awasi alivua kofia kwa joto, na tone la kwanza likatua katikati ya upara wake. La pili likamfuata. Akatazama juu kwenye selotepu na gundi yangu, akapitisha kidole kwenye ukuta, kikatoka kinachuruzika.

"Huyo kijana iko nje," akasema polepole. "Maji iko ndani. Sasa nani anamwaga?"

Sufuria iliendelea kufuka.

"Ni sisi," baba mkwe akasema. "Ni pumzi yetu. Na chai ya Orwa. Fungua hiyo mlango tutoke, tafadhali."

Nilitamani ardhi ya Asembo ipasuke inimeze na gari langu. Maji yote yale nilikuwa nayapumua mwenyewe, nayachemsha mwenyewe, nayaanika mwenyewe na soksi, halafu nayafungia yasitoke, yakikutana na bati la baridi yananirudia.

Akoth alikuwa mlangoni, macho mekundu. Nikamwuliza kwa sauti ndogo, na bakuli je?

"Ni mama alinipa," akasema. "Aliona godoro yako kwa ua. Akasema makaa na chumvi inavuta unyevu, mkwe wake asilale vibaya kwake. Yeye hawezi kuingia mahali unalala, akanituma mimi ukiwa unaoga. Na akaniambia nisikwambie ni yeye, usisikie aibu."

Nilikaa kwenye ngazi ya gari, mvua ikinipiga. Mama yule alitafuta njia ya kunisaidia bila kuvunja mwiko wala kuniaibisha, nami nikamfanya mchawi mbele ya watu waliokuja kumwoa binti yake. Niliumia, jamani. Nilifikiri nimemvunjia Atieno ndoa.

Aliyeniokoa ni yule yule mzee wa upara uliolowa. Alirudi kwenye turubai, akajipangusa kichwa kwa leso ya mtu, akasema, "Sisi tulikuwa tunaogopa kama kijana wetu atavumiliwa hapa. Sasa tumeona mkwe wa kwanza. Hatuna wasiwasi tena." Turubai zima likaangua kicheko, hata Atieno, na wakala.

Mimi sikula. Kwa kuwa siwezi kumwendea mama mkwe moja kwa moja na jambo la aina hiyo, ilibidi nitume mtu, na mtu wa kutumwa alikuwa mmoja tu, Ouma. Nikamwomba msamaha kwanza yeye, akiwa bado analowa (hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke kwenye kioo). Akanishika bega, "Omera, ndugu yangu, wewe una shida, lakini ni shida yetu." Akaingia kwa mama yake na maneno yangu na ahadi ya mbuzi.

Tangu hapo gari langu lina mbao na sponji kwa ndani, madirisha mawili yako wazi kidogo hata mvua ikinyesha, napika nje, nguo mbichi haziingii, na godoro liko juu ya vipande vya mbao lipate hewa. Linakaa kavu. Hayo ni rahisi, fundi yeyote atawafanyia.

Lakini jibu alilorudi nalo Ouma ndilo silisahau. "Mama amesema amekusamehe, na mbuzi usilete," akaniambia. "Ila anauliza kitu moja. Siku hizo zote umelala kwa geti yake, umechunguza fundi, umechunguza mimi, umemwaga hadi unga. Kwa nini hukuuliza mtu?"

Nimeapa nikiwa na shaka tena nitauliza kwanza, hata kama swali ni la kijinga na hata kama anayejibu ni mama mkwe kupitia mtu wa tatu. Swali lake mwenyewe bado sijampelekea jibu.