Bibi wa Karanga Kwenye Geti la Stesheni

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, nikueleze namna ya kupitisha mamia ya watu kwenye geti lenye upana wa mlango wa jiko, wote wakiimba. Usiogope, ni rahisi. Mimi nilijifunza kwa kukosea.

Nilikuwa kibarua pale stesheni ya Korogwe, kazi yangu kupanga abiria siku za mechi. Uwanja hauko mbali na reli. Filimbi ya mwisho ikilia unaisikia ukiwa kwenye jukwaa la treni, na kabla hujafunga kamba za viatu, mavuvuzela yamekufikia. Mwanzoni niliweka kamba getini. Wakairuka. Nikaweka benchi. Wakalikalia, wakaniomba maji.

Ndipo nikamwona bibi mmoja muuza karanga aliyekuwa akikaa pembeni ya geti siku zote. Watu walewale walionikanyaga mimi vidole, wakifika kwake walipunguza mwendo na kuinamisha kichwa. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Kwetu mtu mzima hapitwi hivi hivi, hata kama timu yako imechukua kombe. Mechi iliyofuata nikamwomba ahamishie kigoda chake katikati ya geti. Foleni ikajipanga yenyewe, mmoja mmoja, kila mtu na shikamoo yake. Nilifurahi nusura nicheze.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia aishie kwenye marahaba.

Siku yenyewe ilikuwa fainali ya Mombo na Handeni. Mashabiki wa Mombo walikuja kwa treni na wangerudi kwa treni ya jioni. Handeni hakuna reli, kwa hiyo wa kule walikuja na malori, wakayaegesha mbele ya stesheni. Mchana, baba mmoja wa Mombo alinifuata. Alikuwa amevaa jezi juu ya kanzu, na begani ana mfuko wa mchele.

"Mwanangu, treni ya kurudi haichelewi?"

"Haichelewi, baba. Kwani vipi?"

Akainama sikioni. "Jioni hii namwozesha binti yangu. Mimi ndiye walii, bila mimi hakuna ndoa. Nyumbani nimeaga naenda kununua mchele."

Alikuwa amepiga hesabu ya dakika tisini. Hakupiga hesabu ya penalti.

Mombo walishinda kwa penalti ya mwisho, na watu walipofika stesheni treni ilikuwa tayari inapiga honi kwa mbali. Mabasi ya barabara kuu yalikuwa yamejaa. Stesheni masta akaniambia, "Inasimama dakika tano tu." Nikatazama getini. Foleni ilikuwa imenyooka vizuri sana, na haisogei.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe si yule wa Mombo? Mama mguu umepona?"

"Umepona, bibi."

"Na mahindi?"

"Yamebeba, bibi."

"Haya, pita. Nawe kijana, mbona umekonda?"

Na nani atakataa kumjibu? Kila mmoja alitoa habari za nyumbani kwao zote, mpaka mbuzi. Wa Handeni, waliosindikiza ili wapate la kusema, walikuwa wanacheka hadi wanashikana. "Kombe mmechukua, treni hamuipati!"

Honi ikalia tena, karibu. Mara yule baba akaibuka kutoka nyuma na mfuko wake, akajipenyeza ubavuni mwa kigoda bila hata shikamoo.

"We baba!" Bibi akamshika kanzu. "Unapita hapa kama zizini?"

"Shikamoo mama, samahani, nina haraka."

"Marahaba. Haraka ya nini? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, binti anaolewa."

"Alhamdulillahi! Lini?"

"Sasa hivi!"

Bibi akasimama. Sikuwa nimewahi kumwona akisimama kazini. Akapiga kigelegele ambacho naamini dereva wa treni alikisikia. "Mpisheni baba wa bibi harusi!"

Kijana mmoja wa Handeni akaunyakua mfuko wa mchele. "Leteni hapa! Kumbe mmetufunga na kanzu!" Ukapita juu ya vichwa, mkono hadi mkono, wa timu zote mbili, huku baba akiukimbilia na simu yake ikiita mfukoni. Treni ikasimama, mlango ukafunguliwa, akawa wa kwanza kupanda, mfuko ukiwa bado mikononi mwa watu.

Nami nikamwinamia bibi. "Bibi yangu, nakuomba, jibu marahaba tu. Habari za nyumbani waulize siku nyingine."

Akaninunia kidogo, akakaa. "Marahaba, pita. Marahaba, pita. Marahaba, wewe mwembamba, pita."

Hakubaki hata mmoja. Mfuko wa mchele ulikuwa wa mwisho, uliingilia dirishani.

Treni iliporudi, mhudumu wa behewa alimletea bibi kifurushi cha pilau kutoka Mombo, na salamu: ndoa imefungwa, baba alifika sheikh akiwa ameshaanza kuangalia saa, na jezi aliivulia mlangoni.

Kwa hiyo, siku ukipewa geti, mtafute mtu mzima anayeheshimiwa, mwekee kigoda katikati, na kabla filimbi ya mwisho haijalia mwambie ajibu marahaba tu, basi.